Kununua trela ya safari iliyotumika huku Marekani: anzeni na maji, mengine yote yanarekebishika

#1 dada_wa_columbus (mleta uzi)

Wakuu habari za mida hii. Kwenye magrupu yetu ya diaspora naona watu wengi sana siku hizi wanauliza kuhusu hizi trela za safari, zile nyumba ndogo zinazovutwa na pikapu. Wengine wanazitaka za kutembelea na watoto kipindi cha joto, ila wengi ninaowajua ni manesi na CNA (wasaidizi wa manesi) wa mikataba ya wiki 13 waliochoka kusaini apatimenti mpya kila wanapohamishwa. Mimi ni mmoja wao. Naishi kwenye trela na mume wangu, tuliinunua ikiwa imeshatumika, na ninayoandika hapa tumeyafanya wenyewe au nimesimama pembeni ya fundi anayafanya.

Neno langu ni moja na nitalirudia mpaka mnichoke: kagua maji kwanza. Tairi utanunua, friji utabadilisha, betri ipo dukani, godoro ndo usiseme. Lakini mbao za ndani ya ukuta zikishaoza hakuna fundi atakayekurudishia trela yako kwa bei inayoeleweka, maana ili azifikie lazima avue ganda lote la nje, na saa za fundi huku mnazijua zinavyolipwa.

Ngoja nieleze zinavyojengwa ndo mtaelewa kwa nini. Sehemu kubwa ya hizi trela zinatoka eneo moja tu, kaunti ya Elkhart kule Indiana kaskazini, na viwandani kazi inakwenda mbio. Chasisi ya chuma inaingia mwanzo wa mstari, inapandishwa sakafu, zinasimamishwa kuta za mbao nyembamba za inchi 2 kwa 2 au fremu ya alumini, zinajazwa pamba ya joto au foam, ndani plaiwudi nyembamba yenye karatasi ya mapambo, nje bati la alumini au faiba, juu inatandikwa raba, EPDM au TPO. Sasa hesabu matundu yaliyotobolewa kwenye hilo ganda: madirisha, feni za juu, bomba za kupumulia za matangi, kiyoyozi, taa za pembeni, ngazi, mlango wa hita, mlango wa friji. Kila tundu limezibwa kwa gundi na utepe wa butili, ile raba laini inayonata, basi. Kinachoizuia mvua isiingie ndani kwako ni gundi, na gundi inapigwa na jua, inakauka, inapasuka. Mwenye trela asipopanda juu kuiangalia, maji yanaanza kuingia kidogo kidogo na yeye hana habari kabisa.

Kuna siku fundi alivua ule utepe wa plastiki unaofunika skrubu za pembeni ya trela moja iliyokuwa inauzwa, sio yetu. Skrubu ya kwanza ilikuwa na kutu kichwani tu. Ya tatu akaizungusha kwa vidole bila bisibisi ikatoka yenyewe, na mbao nyuma yake ikamwagika kama ugoro. Ndani trela hiyo ilikuwa inang'aa, mashuka mapya, taa za urembo, mito imepangwa. Mwenye nayo, na naamini alikuwa mkweli, alikuwa hajui kabisa.

Kwa hiyo ukienda kuangalia trela achana kwanza na jikoni na TV. Beba tochi, ngazi, na kile kipimo cha unyevu chenye pini mbili, bei yake ni ya kawaida tu kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Anza na ukuta ambao una uhakika ni mkavu upate kianzio chako, halafu pima chini ya kila dirisha, pembe zote nne za juu ndani ya makabati, kuzunguka feni za darini, chini ya kitanda upande wa mbele, na ndani ya yale makabati ya nje ya mizigo. Ikisoma chini ya asilimia 15 mimi nina amani, ikipita 20 nauliza maswali mengi, na ikizidi kupanda kadiri unavyoshuka chini ujue maji yanatokea juu yanajikusanya huko. Angalizo, pini zikigusa chuma kitasoma uongo, so rudia pembeni kidogo kabla hujamtuhumu mtu.

Halafu kanyaga sakafu kwa kisigino, sio kwa kutembea tembea. Mlangoni, mbele ya choo, mbele ya sinki, na pembeni ya ile sehemu ya ukuta inayotoka nje kama inayo. Sakafu isiyooza haibonyei. Nje simama kwenye kona ya nyuma uangalie ukuta kwa ubavu jua likiwa limeinama, ukuta wa faiba uliopata maji unaonyesha mawimbi na mapovu ambayo ukisimama mbele yake huyaoni. Na pua muitumie jamani. Ukifungua mlango ukakutana na marashi ya kupulizia mengi sana, au ukaona pembe moja tu imepakwa rangi mpya wakati kwingine ni ya zamani, pima hapo mara mbili.

Juu ya paa panda mwenyewe, au kama paa halibebi mtu tumia ngazi kila upande. Angalia gundi iliyopasuka au iliyoinuka pembeni. Ukikuta paa zima limepakwa silikoni ya bafuni jua kuna mtu alikuwa anapambana na mvujo bila kujua njia, na silikoni ikishakaa hapo gundi sahihi haishiki tena juu yake mpaka ikwanguliwe yote.

Ukitaka uhakika zaidi kuna mafundi wana feni maalum, wanaifunga kwenye tundu la darini, wanajaza trela presha ndogo ya hewa, halafu wananyunyizia maji ya sabuni kwenye viungio vyote vya nje. Panapotoa mapovu ndo panapovuja. Na kuna wakaguzi wenye cheti cha NRVIA, chama cha wakaguzi wa trela, hao ni wa kujitegemea, unawalipa wewe mnunuzi wanakuandikia ripoti na picha. Kama trela ni ya maelfu mengi ya dola mlipe tu mkaguzi, hiyo hela haipotei.

Nimeandika sana, nitajibu maswali.

#2 mgeni_dallas

Dada ubarikiwe, uzi mzuri. Mi nimeona moja kwenye yadi hapa, muuzaji anasema ina stika ya RVIA kwa hiyo imeshapita ukaguzi wa ubora, na ananipa waranti ya siku 90. Je niamini? Ni ya 2021.

#3 dada_wa_columbus

Kaka hiyo stika ya RVIA, chama cha watengenezaji wenyewe, karibu kila trela inayo, ipo pembeni ya mlango. Maana yake ni kwamba kiwanda kimeahidi kufuata viwango vya umeme, gesi, mabomba ya maji na usalama wa moto. Haisemi lolote kuhusu gundi iliyopakwa vibaya au kabati lililopinda, na haisemi lolote kuhusu miaka iliyopita tangu itoke kiwandani.

Hiyo waranti isome mstari kwa mstari kabla ya kusaini. Nyingi za yadi zinashika vifaa, yaani friji, jiko, hita, kiyoyozi, halafu mvujo wa maji wanauondoa kwa maandishi madogo, na mvujo ndo ugonjwa wenyewe. Waranti ya kiwanda nayo kwa kawaida ni ya mwaka mmoja na mara nyingi ni ya mnunuzi wa kwanza peke yake. Kama ahadi ni ya mdomo mwambie aiandike kwenye mkataba, akikataa umeshapata jibu.

Kuhusu 2021, mwaka ule kwa ajili ya korona kila mtu alitaka trela, viwanda vikatoa trela na zile nyumba zenye injini yake kwa jumla zaidi ya laki 6, rekodi ya wakati wote, huku vifaa vikiwa adimu na wafanyakazi wengi wapya. Sisemi zote ni mbovu, zipo nzuri sana, ila hizo kagua kwa jicho kali zaidi hasa kazi ya gundi na mabomba chini ya sinki.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui na ni haki yako: kama mtengenezaji aliita trela hizo zirudi kwa kasoro ya usalama, matengenezo ni bure hata kama wewe ni mmiliki wa tatu, ilimradi haijapita miaka 15 tangu iuzwe mara ya kwanza. Nenda tovuti ya NHTSA, idara ya serikali ya usalama barabarani, uangalie kampuni, modeli na mwaka, halafu piga simu kwa mtengenezaji umpe namba ya VIN, ile ya utambulisho wa trela. Utaipata kwenye kibandiko cha nje upande wa kushoto karibu na mbele. Alama ya 10 kwenye VIN ndo mwaka wa modeli, M ni 2021, N ni 2022, so mtu akikwambia ni ya 2022 na wewe unaona L (2020) mwonyeshe tu.

#4 dereva_masafa

Sasa mimi ni Mkenya naendesha semi huku coast to coast, na hizi trela naziona kando ya barabara kila wiki tairi imepasuka, familia imekaa kwa jua na watoto. Niongezee kuhusu tairi.

Usiangalie kashata peke yake, angalia umri. Kando ya tairi kuna maandishi ya DOT, namba nne za mwisho ndio wiki na mwaka. 2319 ni wiki ya 23 mwaka wa 2019. Tairi ya trela inakaa imesimama miezi mingi kwa jua, inazeeka ikiwa na kashata mzuri kabisa. Ikifika miaka mitano sita badilisha zote, usibishane nayo. Na ziwe ST, hizo ndio za trela, na mzigo uwe unatosha. Tairi ikiwa baridi, yaani kabla hujaanza safari, ijaze upepo mpaka kile kiwango kimeandikwa kando ya tairi, kama ni 65 weka 65, maana tairi yenye upepo mdogo inapata joto na joto ndio inapasua. Nyingi za ST zimewekewa kikomo cha maili 65 kwa saa isipokuwa zimeandikwa vingine, na nyinyi watu mnatupita mkienda 80.

Ya pili ni uzito. Muuzaji atakuambia uzito wa trela ikiwa tupu. Hiyo tupu haina maji, haina gesi, haina betri, haina sufuria za mama. Maji peke yake ni pauni 8.3 kwa galoni, tangi ya galoni 40 ukijaza umeongeza zaidi ya pauni 330. Soma GVWR kwa kibandiko, yaani uzito wa juu kabisa trela inaruhusiwa ikiwa na mzigo, toa uzito wa tupu, hiyo imebaki ndio mzigo wako wote. Halafu pitia mizani ya CAT pale truck stop kama sisi, ni dola chache, upime vizuri. Uzito unaokalia mdomo wa trela, pale inashikana na pikapu, uwe asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wa trela. Ukikosa hapo, mzigo wote umeweka nyuma, trela itaanza kuyumba ikipitwa na lori na ikianza kuyumba kwa mwendo kasi imekwisha, inakugeuza wewe na pikapu.

#5 dada_wa_columbus

Kaka asante sana, hasa hapo kwenye mdomo wa trela. Niongeze cha chini ya trela hapo hapo. Beringi zifunguliwe zisafishwe zipakwe grisi mpya kila mwaka au kila maili elfu 10 hivi, na ukinunua iliyotumika fanya hivyo kabla ya safari ya kwanza hata kama muuzaji ameapa. Zipo ekseli ambazo unaweza kupiga grisi kwa pampu bila kufungua habu, ni rahisi ila ukisukuma kwa nguvu sana grisi inapita sili inaingia kwenye breki na breki ya upande huo haishiki tena. Zungusha tairi taratibu huku unapampu.

Mkisimama kituo cha kwanza pitisha kile kipimajoto cha bunduki kwenye habu zote. Joto kidogo ni kawaida, lakini moja ikiwa moto kuliko wenzake ndo yenye shida. Na nati za tairi zikazwe kwa spana ya kipimo, halafu zikazwe tena baada ya maili 10, 25 na 50 kila mkishavua tairi.

Springi zenyewe mara nyingi sio tatizo, tatizo bushi. Kiwandani nyingi zinawekwa bushi za plastiki, zinalika, bolti inaanza kula chuma. Kuna seti za bushi za shaba zenye bolti za kupigia grisi, ni moja ya vitu ambavyo tulivibadilisha na sijawahi kujutia hela ile.

#6 fundi_umeme_htx

Naomba nichangie hapa maana nimeshaona hasara kubwa. Plagi ya trela ndogo ni ile ya ampea 30, ina pini tatu, inaitwa TT-30. NI YA VOLTI 120, sio 240. Watu wananunua trela, wanamwita fundi umeme awawekee soketi nyumbani, fundi anaona ampea 30 pini tatu anadhani ni ya mashine ya kukaushia nguo, anaweka laini mbili za moto, 240. Ukichomeka tu umeunguza konveta (ile inayogeuza 120 kuwa umeme wa betri), microwave, kiyoyozi, TV, vyote kwa mara moja. Na sisi tuliotoka nyumbani ambako 230 ndio kawaida ndio tunadanganyika haraka, tunaona ni sawa tu. Kabla ya kuchomeka pima kwa mita mwenyewe, kati ya moto na nyutro lazima isome karibu 120.

Ampea 30 kwa 120 ni wati 3600, basi. Kiyoyozi, hita ya maji ya umeme na microwave kwa pamoja vinakata swichi. Nunueni kifaa cha kulinda umeme, kile cha EMS, sio kile cha bei rahisi cha radi tu. Kambi za zamani kipindi cha joto volti zinashuka, ikishuka chini ya 105 kompresa ya kiyoyozi inaumia polepole bila wewe kujua, EMS inakata kabla.

Na ukiwa unakagua trela ya kununua gusa plagi yenyewe. Pini zilizobadilika rangi au plastiki iliyoyeyuka kidogo maana yake ilikuwa inapata joto, na upande wa ndani waya zake zinaweza kuwa hivyo hivyo.

#7 mwana_mpls

Sisi wa Minnesota mnatusahau. Nimepata trela nzuri muuzaji anasema ameilinda na baridi kila mwaka. Nitajuaje? Kwa sasa mabomba hayana maji.

#8 dada_wa_columbus

Swali zuri mno. Mwambie aunganishe maji mbele yako, joto likiwa limepanda juu ya sifuri, na kama hawezi subiri mpaka aweze. Washa pampu ya ndani, fungua bomba zote moja moja mpaka hewa itoke, zifunge, halafu kaa kimya usikilize. Pampu inatakiwa inyamaze. Ikiwa inaguna tena kila baada ya muda wakati hakuna bomba lililo wazi, presha inatokea mahali, kuna mvujo. Sasa pita na tochi: chini ya sinki, nyuma ya choo, kwenye hita, na usisahau bomba la nje la kuogea, hilo watu wengi wanasahau kulimwaga maji na ndo linakuwa la kwanza kupasuka. Kama chini kumefunikwa na ile plastiki nyeusi yenye migongo kama bati, gonga gonga kwa mkono, ikiwa imebonyea na ina uzito imebeba maji.

Ukishaichukua, kila mwaka kabla ya baridi unamwaga matangi, unaiweka hita ya maji nje ya mzunguko kwa valvu zake za pembeni ili dawa isijae kwenye tangi lake, halafu unavuta ile dawa ya kuzuia kuganda ya rangi ya PINKI kwenye mabomba yote mpaka kila bomba litoe pinki, la baridi na la moto, na unamimina kwenye mitego ya masinki pia, ile mikunjo ya bomba chini yake. Ile ya kijani ya gari ni sumu, isiguse kabisa mabomba ya maji ya kunywa.

#9 mgeni_dallas

Dada na gesi je? Hapo ndo naogopa na nina watoto wadogo.

#10 dada_wa_columbus

Unafanya vizuri kuogopa. Chini karibu na sakafu kuna kidude cha kunusa gesi, kipo chini kwa sababu gesi yenyewe, propani, ni nzito kuliko hewa. Kina tarehe ya mwisho nyuma yake, vingi miaka 5 mpaka 7. Trela ya miaka tisa yenye kidude chake cha kwanza maana yake hauna kidude. Kibadilishe pamoja na cha kaboni monoksaidi siku hiyo hiyo, kabla watoto hawajalala humo hata usiku mmoja. Viungio vyote vya gesi vipake maji ya sabuni mtungi ukiwa wazi, povu likikua funga mtungi ita fundi mwenye leseni. Hapo sio pa kujaribu.

Friji za aina ya zamani zinazotumia gesi na umeme, fungua kile kimlango cha nje nyuma yake. Ukiona unga wa njano au ukisikia harufu ya amonia, mfumo wake umevuja na friji hiyo imekufa, na isiwashwe kabisa maana ndani yake pia kuna haidrojeni. Hizo friji zinataka trela isimame sawa, ukiiacha inawaka trela ikiwa imeinama muda mrefu inajiua yenyewe.

Hita ya maji: usiwashe umeme wake kabla tangi halijajaa, elementi inaungua saa hiyo hiyo. Kama ni ya kampuni ya Suburban ina fimbo ya anodi ndani, hiyo imewekwa iliwe yenyewe ili tangi la chuma lisiliwe. Hita ikiwa imepoa na presha umeitoa, ifungue uitazame, ikibaki waya mtupu tangi limeanza kuliwa. Za Atwood za alumini hazina fimbo hiyo, so usiitafute.

#11 mzee_wa_atlanta

Mimi nawashauri vijana mnunue mpya tu. Haya yote ya nini? Halafu nasikia kuna zile za mafuriko na za FEMA, lile shirika la serikali la maafa, zinauzwa bei chee watu wanaumwa.

#12 dada_wa_columbus

Shikamoo mzee. Nakuheshimu ila hapo kwenye mpya nakukatalia kidogo. Mpya nayo inatoka na gundi ile ile, tofauti jua halijaipiga bado, na mwaka wa kwanza watu wengi wanaimaliza trela ikiwa kwenye foleni ya yadi inasubiri kurekebishwa mambo ya kiwandani. Iliyotumika ambayo mwenyewe ana bahasha ya risiti, anajua lini alipaka gundi juu, lini alipiga grisi, mimi naichukua kabla ya mpya. Tena mwenye risiti hizo akitaja bei ya juu kidogo sibishani naye sana.

Ila kwenye mafuriko na FEMA uko sahihi kabisa mzee. Baada ya kimbunga Katrina cha 2005 FEMA ilinunua matrela zaidi ya laki moja, watu wakaanza kuugua macho na kifua, na 2008 CDC, taasisi ya afya ya serikali, ikatangaza kuwa vipimo vya fomaldehaidi, gesi inayowasha macho na kifua, humo viko juu kuliko nyumba za kawaida. Nyingi ziliuzwa kwa mnada baadaye zikiwa na stika kwamba sio za kuishi. Sasa hivi zimezeeka sana lakini ukikutana na trela ya 2005 au 2006 ya bei chee, nyeupe, haina mapambo, uliza historia yake.

Za mafuriko ndo hatari ya leo. Baada ya Harvey ya 2017 Texas na Ian ya 2022 Florida, mali zilizozama zinaweza kuhamishiwa majimbo ya mbali na hati ikasafishwa njiani. Angalia hati kama imeandikwa salvage (iliyoharibika vibaya) au flood (mafuriko), piga VIN kwenye mfumo wa historia ya magari, halafu lala chini. Tope kavu juu ya chasisi, kutu kwenye vichwa vya skrubu za viti vya ndani, mstari wa rangi ndani ya makabati ya chini, konveta yenye ukungu wa kijani kwenye waya. Ukiona viwili kati ya hivyo ondoka.

#13 kijana_arusha

Wakuu mi niko Arusha nafanya mambo ya utalii, nilikuwa nawaza kuingiza moja ya Marekani iliyotumika niweke wageni. Inawezekana?

#14 dada_wa_columbus

Mdogo wangu mimi ningekushauri usifanye. Umeme wake wote ni volti 120 na herzi 60, utahitaji transfoma na baadhi ya vifaa bado havitapenda. Mlango upo upande wa kulia maana huku tunaendesha kulia, ukisimama pembeni ya barabara huko mgeni wako anashuka upande wa magari. Na chasisi hizi zimejengwa kwa lami, barabara ya vumbi yenye mawimbi itafungua kila kiungio cha gundi nilichokieleza hapo juu, halafu butili na gundi yake uanze kuagiza. Tafuta fundi wa bodi akujengee ya kwako hapo hapo Arusha, wanaojenga magari ya safari wanajua vumbi la kwao.

#15 mgeni_dallas

Nimerudi. Nilienda leo na kipimo nilichonunua. Kuta zote zinasoma 9 mpaka 12, paa liko poa, ila sakafu inabonyea mlangoni, eneo la kama futi moja hivi, na kipimo kinasoma 24 hapo. Yadi wamekubali kushusha dola 1500. Nichukue?

#16 dada_wa_columbus

Hongera kwa kupima kaka. Mlangoni ni mahali pa kawaida, mara nyingi ni gundi ya kizingiti cha chini au viatu vya mvua vya miaka. Kabla ya kusema ndiyo fanya mambo mawili. Pima kuzunguka hapo kila inchi 6 mpaka namba irudi 12, uchore kwa penseli eneo lote lenye unyevu. Halafu lala chini nje, wakubali wafungue kipande cha ile plastiki ya chini uguse mbao upande wa pili na boriti ya mbao ya pembeni ya sakafu. Kama eneo linaishia hiyo futi moja na boriti ni kavu, hiyo ni kazi ya kukata kipande cha plaiwudi, kuweka kipya, na kuziba kizingiti upya, 1500 inatosha na inabaki. Kama unyevu umepanda kwenye ukuta wa mlango hata inchi chache, au fundi akigusa boriti kidole kinaingia, 1500 haitoshi, waachie.

Wakikataa kufungua hiyo plastiki usinunue.

Na ukiichukua, wiki hiyo hiyo panda juu na gundi ya paa ile inayojitandaza yenyewe, upake kila kiungio kilichopasuka, kwenye kuta unatumia ile isiyotiririka. Safisha raba kwa sabuni na maji tu, petroli na mafuta ya taa vinaivimbisha. Baada ya hapo kila miezi mitatu unapanda tena kuangalia, na kila baada ya mvua kubwa unafungua makabati ya juu unapitisha mkono kwenye pembe. Tuletee picha za chini ya mlango hapa ukishafunguliwa, mimi na fundi_umeme tutaziangalia na wewe.